Kama mtu alitokana na kima, mbona kima wa Amani bado ni kima?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Muheza, nina binti yupo kidato cha kwanza. Juzi karudi na daftari la historia lina ule mchoro wa sokwe aliyeinama, anainuka kidogo kidogo mpaka anakuwa mtu kamili. Kaniuliza, mama, kama sisi tulitokana na hawa, mbona kima na mbega tunaowaona Amani wako vilevile, hawageuki? Sikuwa na jibu. Na mimi nina langu: mbona kila mfupa ni wa Olduvai au Laetoli, huku Tanga hatusikii kitu? Hao watu wa kale hawakufika pwani? Isitoshe sisi ni watu wa dini, sitaki kumchanganya mtoto. Naomba unieleze kwa kirefu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nisalimie huyo binti, maana swali lake ndilo watu wazima wengi wanatembea nalo moyoni bila kuliuliza. Jibu lake fupi ni hili: hatukutokana na kima wa Amani. Hatukutokana na mbega, wala nyani wa Saadani, wala sokwe wa Gombe. Sisi na wao tumetokana na viumbe wengine waliokwisha toweka, na tangu tuachane, kila upande umeendelea kubadilika kivyake.

Litazame kiukoo. Wewe na mtoto wa shangazi yako mna bibi mmoja. Hukuzaliwa na mtoto wa shangazi, naye hakuzaliwa nawe. Mkifanana pua au mwendo ni kwa ajili ya bibi, na bibi mwenyewe huenda alishatangulia mbele ya haki. Hakuna anayekuuliza mbona mtoto wa shangazi bado yupo na hajawa wewe. Basi kima ni binamu. Sokwe ni binamu wa karibu zaidi. Komba anayepanda mnazi usiku kunywa tembo la watu ni binamu wa mbali sana. Kosa la ule mchoro ni kuwapanga mstari mmoja kana kwamba kila aliye nyuma ni mzazi wa aliye mbele. Ulichorwa Marekani mwaka 1965, ukanakiliwa na kunakiliwa mpaka ukaingia kwenye fulana na madaftari ya watoto wetu. Ningekuwa na uwezo ningeufuta kwenye kila ubao wa darasa, kwa sababu ndio uliozaa swali la binti yako, na kila nilipofundisha nimekuta watoto wenye akili wakikwama palepale.

Ukitaka kumwonyesha undugu huo bila kwenda maabara, anza na meno. Mtu mzima mwenye meno kamili ana 32. Gawa mdomo robo nne: kila robo ina meno mawili ya mbele, chonge moja, magego madogo mawili na magego makubwa matatu. Kima ana hesabu hiyohiyo. Mbega hivyohivyo, tumbili, nyani, sokwe, gorila. Wote 32, kwa mpangilio uleule. Komba yeye ana 36, kwa kuwa kila robo imebaki na gego dogo moja la ziada. Mmulike komba kwa tochi usiku, macho yatang'aa kama taa. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, ambao kima hana, sokwe hana, na wewe huna. Pua yake ni mbichi. Vidole vyake vina kucha bapa kama zetu, isipokuwa kidole cha pili cha mguu wa nyuma, ambacho kina ukucha mrefu wa kuchania manyoya. Upande wake na upande wetu viliachana zaidi ya miaka milioni 55 iliyopita. Lakini mkono wake unashika tawi kwa vidole vitano, macho yanatazama mbele, na huo ni urithi tulionao wote.

Sasa shuka kwenye gego lenyewe, maana hapo ndipo watafiti wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, hutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hudumu ardhini mifupa mingine ikishaoza. Gego la chini la kima, mbega au nyani lina vinundu vinne vilivyounganishwa viwili viwili, vinatengeneza kingo mbili za kukatia majani. Gego la chini la sokwe na gorila lina vinundu vitano, na kati yake mifereji inapita kama herufi Y. Gego lako kubwa la kwanza la chini, kwa kawaida, ni la aina hiyo ya pili. Kwa hiyo ukimpa mtaalamu gego moja tu lililokatika ndani ya mwamba, anaweza kukuambia ni la upande wa kima au la upande wa sokwe na binadamu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Rukwa, kusini-magharibi mwa nchi yetu hii. Mwaka 2013 watafiti walitangaza visukuku viwili vya miaka milioni 25.2. Kimoja ni kipande cha taya chenye meno, kikaitwa Rukwapithecus fleaglei. Meno yake ni ya upande wa sokwe na sisi. Cha pili ni kipande kidogo zaidi cha taya chenye gego moja, kikaitwa Nsungwepithecus gunnelli. Hilo gego ni la upande wa kima na nyani. Vilipotangazwa vilikuwa vya kale kuliko vingine vyote vilivyojulikana vya pande hizo mbili. Yaani miaka milioni 25 iliyopita, katika ardhi ya Tanzania, huyu wa kwetu na yule wa kina kima walishatengana na walikuwa wakiishi zama moja. Mwambie binti yako asome tena sentensi hiyo. Bibi wa pamoja anatafutwa nyuma ya hapo, wala si juu ya miti ya Amani leo.

Mkia tuliuacha baada ya kuachana na hao. Kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria upande wa Kenya, mtafiti Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la kiumbe wa miaka takriban milioni 18, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kama Proconsul. Mifupa ya jamaa zake inaonyesha alitembea kwa miguu minne juu ya matawi, namna ya kima, lakini mkia hana. Wewe ukijipapasa mwisho wa uti wa mgongo unakutana na kifandugu, ambacho ni vipande vya mwisho vya mkia vilivyoungana. Mwaka 2024 wataalamu wa vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, walieleza badiliko moja ndani ya jeni iitwayo TBXT, walilo nalo binadamu, sokwe na gorila na ambalo kima hana, lililochangia mkia kupotea.

Na hao wa Amani, je, kweli wamebaki vilevile? Mtazame mbega vizuri siku mkipanda huko. Yule mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani. Akishika tawi, utaona vidole vinne. Gumba lake limebaki kinundu tu, kwa sababu kwa mnyama anayeruka na kujining'iniza hivyo gumba refu ni kero. Tumbo lake lina vyumba, vijidudu vinachachusha majani magumu ambayo wewe ukiyala yatakuumiza. Kima hana tumbo la namna hiyo, ila ana vifuko mashavuni. Anajaza matunda haraka haraka, kisha anakwenda kutafuna mahali pa usalama. Mambo hayo ni ya kina mbega na kina kima wenyewe, yamekuja baada ya wao kuachana na sisi, na kisha kuachana wao kwa wao. Mbega amesafiri safari ndefu kama yetu. Ila hakuelekea tulikoelekea sisi, na hakuna sababu ya kumtaka aelekee. Kwa mwenye kula majani juu ya mti wa Usambara, mwili wa mbega ni bora kuliko wa mtu.

Wako pia waliotoweka upande wao. Olduvai kwenyewe, mbali na mifupa ya zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa mtu, yamepatikana mabaki ya nyani wakubwa mno wa jamii ya Theropithecus, waliokuwa wakila majani ya mbugani. Leo jamii yao imebakiwa na mmoja tu, gelada, kwenye milima ya Ethiopia.

Niongeze mmoja wa kwetu, kima aitwaye kipunji, aliyetangazwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 2005 katika misitu ya Rungwe na Udzungwa. Kwa umbo na maisha ya juu ya miti walimdhania ni wa jamii ya Lophocebus, kima wengine wakaao juu ya miti. Vinasaba vikaja kusema kuwa jamaa yake wa karibu ni nyani, yule wa chini, mwenye pua ndefu. Ndiyo maana hatumalizi udugu kwa kutazama sura tu.

Na Tanga mna mfano mwingine ambao hakuna mji mwingine nchini unaoweza kujivunia kiasi hicho: samaki aitwaye silikanti. Wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa tangu miaka ya 2003 na 2004 kwenye nyavu za maji ya kina, mpaka ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Kabla ya mmoja kuvuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, wanasayansi waliamini samaki hao walikwisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mapezi yake yana shina la nyama lenye mifupa ndani, kwa mpangilio unaokaribia mkono, na kwa hakika yeye ni ndugu wa karibu zaidi kwetu kuliko alivyo kwa changu au tasi. Watu humwita samaki ambaye hakubadilika. Hata hivyo silikanti wa Tanga hapatikani kwenye miamba ya kale; waliomo humo ni wa jamii nyingine, wengine wadogo kwake sana, wenye maumbo tofauti. Hata yeye amebadilika.

"Mbona hatuwaoni wakigeuka?" Kwa sababu hakuna mnyama mmoja anayegeuka. Kima aliyezaliwa kima atakufa kima. Kinachobadilika ni kizazi kwa kizazi: ndugu hutofautiana kidogo, tofauti nyingine hurithiwa, na wale ambao tofauti yao imewasaidia kuishi na kuzaa huacha watoto wengi zaidi. Na usidhani sisi tumepona na jambo hilo. Muheza wanajua malaria ni nini, na wanajua selimundu ni nini. Mtoto akirithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama pia, anaugua maradhi mazito ya maisha. Akirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui, na malaria kali humpata kwa nadra zaidi kuliko mtoto asiye nayo kabisa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba Afrika Mashariki jeni hiyo imeenea hasa kule kwenye malaria nyingi. Maelfu ya miaka mbu amekuwa akichagua nani aishi mpaka azae, na alama ya uchaguzi huo imo katika damu ya watu wa nyanda zetu za chini. Hayo ni mageuko, yanayopimwa hospitali kila siku. Sisi tunaoishi miaka sitini hivi hatuwezi kuona zaidi ya hatua moja au mbili. Visukuku ndivyo vinavyotuonyesha safari nzima.

Sasa tuje upande wetu. Sokwe na sisi tuliachana kati ya miaka milioni 6 na 8 iliyopita, kwa makadirio ya vinasaba. Tukilinganisha sehemu za vinasaba zinazolingana, tunatofautiana kwa asilimia 1 na kidogo tu. Sokwe ana kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba, 48, sisi 46, na tunajua mbili zilienda wapi: kromosomu yetu ya pili ni mbili za zamani zilizoungana kichwa kwa kichwa, na alama za miisho ya zamani bado zipo katikati yake.

Kitu cha kwanza kubadilika sana kilikuwa miguu. Watu wengi hudhani ilianza akili, kisha mtu akasimama. Laetoli inakataa. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu mepesi kule kusini mwa Olduvai, mvua ya rasharasha ikayalowesha, wanyama wakapita juu yake: kanga, sungura, tembo. Majivu yakakauka na kuwa magumu, yakafunikwa na mengine. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey likakuta humo nyayo za wenye miguu miwili. Njia yao inaendelea mita takriban 27. Piga magoti uitazame picha ya wayo mmoja: kisigino kimezama kwa nguvu, kwa sababu ndicho kilichotua kwanza, uzito ukapita ukingo wa nje, ukaja mbele, ukasukumwa na kidole gumba. Na gumba lenyewe limekaa sambamba na vidole vingine. Sokwe gumba lake la mguu hutanuka pembeni kama la mkono, la kushikia tawi. Mmoja wa waliopita alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake aliyetangulia, ndipo ikachukua muda watafiti kutambua kwamba ni watatu.

Mwaka 2015, walipokuwa wakichimba mashimo ya majaribio mahali palipopendekezwa kujengwa makumbusho, mita 150 hivi kutoka kwenye zile za kwanza, zikaonekana nyayo nyingine za majivu yaleyale. Profesa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliozitangaza mwaka uliofuata. Aliyeziacha nyingi kati yake alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165, mrefu kuliko wenzake waliojulikana. Hao wote huhesabiwa kuwa Australopithecus afarensis, jamii ya Lucy, yule zamadamu maarufu ambaye mifupa yake ilipatikana Ethiopia. Watu wengi wanamjua Lucy, ila mfupa uliotumiwa kama kielelezo rasmi cha jamii hiyo ilipopewa jina mwaka 1978 ni taya ya Laetoli, iliyookotwa mwaka 1974 na Maundu Muluila. Ubongo wao ulikuwa wa sentimita za ujazo 450 hivi, karibu na wa sokwe. Wetu leo ni 1,350 hivi. Basi mtu alitembea kama mtu mamilioni ya miaka kabla ya kuwa na kichwa cha mtu.

Na Olduvai nako kunauvunja ule mchoro kwa njia nyingine. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona meno yakichungulia kwenye mteremko. Likatoka fuvu la Zinjanthropus, lenye magego makubwa ajabu na mstari wa mfupa utosini wa kushikilia misuli ya kutafunia. Fuvu hilo liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, palepale karibu, yakapatikana mabaki ya mwingine mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi, akaitwa Homo habilis mwaka 1964. Waliishi zama moja, takriban miaka milioni 1.8 iliyopita, wakinywa maji ya ziwa moja. Mmoja si baba wa mwingine. Zinjanthropus alikuwa na maisha yake kamili, jamii yake ikadumu zaidi ya miaka milioni moja, kisha ikaisha bila kuacha wazao. Zamadamu walikuwa wengi, wa aina nyingi, kwa wakati mmoja. Kuwa peke yetu duniani kama tulivyo leo ni jambo jipya.

Mtu wa aina yetu hasa, Homo sapiens, anaonekana Afrika kuanzia miaka 300,000 iliyopita. Mafuvu ya umri huo yametoka Jebel Irhoud, Morocco. Hapo hoja yako ya pwani ndipo inapoingia.

Kukosekana kwa mifupa si sawa na kukosekana kwa watu. Ili mfupa uwe kisukuku lazima ufunikwe upesi, kwenye udongo usioula, kisha baada ya miaka mingi mmomonyoko uufunue mtu auone. Bonde la Ufa lina vyote: volkano za kufunika, maziwa ya kuweka tope, na korongo zinazochana ardhi. Usambara miamba yake ni ya kale mno, iliundwa kabla hata ya wanyama wenye mifupa kuwapo, na udongo wake wa juu umeoshwa na mvua hadi ukawa na asidi inayokula mifupa. Kaburi la msituni halibaki na kitu. Pwani nayo ina tatizo lake: miaka takriban 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa nyingi duniani, bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120. Unguja haikuwa kisiwa, mtu angekwenda kwa miguu. Fukwe walizokanyaga watu wa wakati huo sasa ziko chini ya maji wanakovua watu wetu.

Penye mwamba wa chokaa ndipo pana matumaini, kwa sababu chokaa hupunguza ile asidi. Ukivuka Horohoro, ukaipita Mombasa, ukafika Kilifi, kuna pango linaitwa Panga ya Saidi. Watu wamelitumia kwa miaka ipatayo 78,000. Mwaka 2013 vilionekana humo vipande vya kwanza vya mfupa, na mwaka 2017 shimo lote likafukuliwa. Mifupa ilikuwa laini kama unga, haikuwezekana kuiokota. Wakalifunika bonge zima la udongo kwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kisha Hispania, ambako lilifunguliwa polepole. Alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, wakamwita Mtoto. Amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na jinsi kichwa kilivyokaa inaonyesha kililazwa juu ya kitu fulani kilichooza baadaye. Ni miaka 78,000 iliyopita, na ndilo kaburi la binadamu la kale zaidi linalojulikana Afrika hadi lilipotangazwa mwaka 2021. Kwa hiyo watu wa kale walifika pwani. Waliishi, wakazika. Chokaa ya mapango ya Amboni, hapo Tanga, ni mwamba wa namna hiyo, na ningependa sana kuona vijana wetu wa akiolojia wakipewa fedha za kufanya kazi ndefu ukanda mzima wa Tanga, kama ilivyofanyika Kilifi.

Kuhusu dini sitakuzunguka. Mfupa unaeleza aliishi nani, wapi, lini, alikula nini na alitembeaje. Hauelezi nani aliumba wala roho ni nini, na mtafiti anayedai mfupa umemwambia hayo amevuka mpaka wa kazi yake. Wapo wanasayansi Waislamu na Wakristo wanaofukua visukuku wiki nzima na kuswali au kusali ibada yao ikifika, na kila mmoja amelipatanisha jambo hilo kwa elimu yake ya dini. Mpeleke binti kwa mwalimu wake wa madrasa na swali hilo pia, asikilize. Usimkataze kuuliza upande wowote.

Shuleni, mwambie aandike hivi: binadamu na sokwe wana babu wa pamoja aliyeishi kati ya miaka milioni 6 na 8 iliyopita, binadamu na kima wana babu wa pamoja wa zaidi ya miaka milioni 25, ushahidi upo kwenye meno, vinasaba na visukuku vya Rukwa, Laetoli na Olduvai. Akitakiwa kuuchora ule mchoro kwenye mtihani, auchore kama alivyofundishwa apate alama zake, lakini pembeni ya daftari la nyumbani achore shina lenye matawi, kima tawi lake, sokwe lake, Zinjanthropus lake lililokatika, na sisi letu. Likizo ikifika mkiwa Dar es Salaam, mpeleke Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, asimame mbele ya Zinjanthropus na kuyatazama yale magego.